Gunia la Unga na Cherehani: Hotuba kwa Wahitimu na Wahisani, Morogoro

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa viongozi wa dini zetu, ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazazi wenzangu, wahisani mliotoka hapa mjini na mliotoka mbali, na ninyi wanangu wahitimu ambao kwa ajili yenu tumekusanyika leo: Asalaam alaikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme machache kabla ya vyerehani, masanduku ya vifaa vya umeme na seti za spana kukabidhiwa kwa wenyewe. Nimekubali kwa furaha, kwa kuwa nimefundisha ushonaji sehemu kubwa ya maisha yangu, na tangu nilipostaafu nimekuwa nikija katika taasisi yetu hii kusaidia kufundisha. Hata hivyo, leo sitazungumzia ushonaji. Nitazungumzia magunia ya unga na maharage yaliyoko pale stoo, kwa sababu nimefikia kuamini kwamba magunia yale yamewafikisha wahitimu hawa hapa sawasawa na darasa lenyewe.

Wengi wanaotutembelea hutuona kama watu wenye kazi mbili zisizohusiana. Kazi moja ni kufundisha ufundi, na kazi hiyo husifiwa na kila mtu. Kazi ya pili ni kupokea chakula, nguo na fedha kidogo kutoka kwa wenye nacho na kuzifikisha kwa familia zenye kipato cha chini, na kazi hii husifiwa kwa sauti ndogo zaidi. Mhisani mmoja aliwahi kutushauri, kwa nia njema kabisa, kwamba kugawa unga ni kuwazoesha watu kuomba, na kwamba ingefaa kila shilingi ielekezwe kwenye mafunzo. Nilimheshimu na bado namheshimu. Lakini jibu langu kwake liko katika daftari la mahudhurio, na leo nitalisoma mbele yenu.

Tulipoanza, darasa la ushonaji lilijaa hata wengine wakakaa juu ya mabenchi tuliyoazima msikitini na kanisani. Ilipofika masika, viti vingi vilikuwa wazi. Sisi walimu tulikaa tukalaumu. Tulisema hawa watu hawako makini, wanapenda vya bure lakini hawapendi kujifunza. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe, na ninayajutia mpaka leo. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa na busara kunizidi akapendekeza tuwafuate majumbani, nasi tukafanya hivyo, nyumba kwa nyumba, Mwembesongo na Chamwino, jioni baada ya jioni.

Tuliyoyakuta yalikuwa wazi mno hata nikaona aibu kwamba sikuyajua. Masika ni msimu wa kupalilia. Mama anayeamka alfajiri akaenda kupalilia shamba la mtu hurudi jioni na ujira wake mkononi, na jioni hiyohiyo chungu kinawekwa jikoni. Mama huyo alikuwa akichagua kati ya kujifunza kukata shati litakalomlipa baada ya miezi sita, na jembe litakalomlipa kabla ya jua kuzama, huku nyumbani kuna watoto ambao tumbo lao halijui miezi sita. Angechagua nini? Mimi ningechagua jembe. Na kila mmoja wenu aliye mzazi angechagua jembe.

Tuliporudi kwenye daftari tukaanza kuona mengine ambayo hapo awali tuliyaona kama nukta nyekundu tu. Utoro ulizidi mwishoni mwa mwezi, wakati mwenye nyumba anapofuata kodi. Mabinti wadogo walikosa siku chache kila mwezi, siku zinazofuatana, kwa sababu ambayo hawakuweza kumwambia mwalimu wa kiume. Waliokuwa wakitoka mbali walikuja vizuri mwanzoni mwa wiki na kupungua kadiri wiki ilivyokwenda, kwa kuwa nauli iliisha. Wenye watoto wachanga walikuja siku ambazo bibi alikuwepo nyumbani.

Tukaanza basi kutafuta namna, na namna hizo hazikuwa za kisomi. Uji saa nne asubuhi na ugali na maharage saa saba. Unga wa kupeleka nyumbani kila Ijumaa kwa wale ambao kipato chao kimekatika kwa sababu wako darasani. Nauli kwa wanaotoka mbali. Taulo za kike katika kabati lisilo na kufuli, ili asiyetaka kuomba asilazimike kuomba. Na mkeka chini ya mwembe kwa watoto wadogo, pamoja na bibi wawili wa mtaa huu ambao tunawalipa kidogo na ambao wanastahili kulipwa zaidi. Mafunzo yenyewe hatukuyabadilisha. Mwalimu alikuwa yuleyule, na vyerehani vilikuwa vilevile. Masika yaliyofuata, viti vilikaliwa.

Kwa hiyo, kwa yule mhisani wetu nasema kwa heshima: gunia lile la unga ni ada ya mwanafunzi. Aliyeshiba nyumbani kwake haioni ada hiyo, kwa kuwa ameshalipiwa na baba, au mume, au mshahara. Ukifundisha bure bila kumlisha anayefundishwa, umefungua mlango kwa wale tu wanaoweza kukaa miezi sita bila kipato, na hao si wale tuliowakusudia.

Jambo hili hatukuligundua sisi. Shirika la BRAC, ambalo lilizaliwa Bangladesh mwaka 1972 na limekuwa likifanya kazi hapa Tanzania tangu mwaka 2006, lilianzisha kwao mwaka 2002 mpango wa familia maskini kupita wote, wale ambao hata mikopo midogo ilikuwa haiwafikii. Familia ilipewa mali ya kuzalisha, kama vile ng'ombe au mbuzi, ikafundishwa kuitunza, ikatembelewa mara kwa mara, ikasaidiwa kuweka akiba, na katika kipindi hicho ikapewa posho ya chakula ili isilazimike kumuuza yule mbuzi kabla hajazaa. Watafiti waliupima mpango wa aina hiyo katika nchi sita, yaani Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru, kwa kaya zaidi ya 10,000, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Mwaka mmoja baada ya msaada kukoma, kwa ujumla familia zilizokuwamo zilikuwa zikila vizuri zaidi na kumiliki zaidi kuliko zile ambazo hazikuwamo. Waliofikiri kwamba watu wangekula posho na kulala walijibiwa.

Tena wala hatuhitaji kusafiri hadi Bangladesh. Pale Mazimbu, mahali ambapo wengi wenu mnapita kila siku, palikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Mwaka 1977 serikali yetu ililitoa kwa ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini, kwa ajili ya vijana waliokimbia nchi yao baada ya polisi kuwaua wanafunzi walioandamana huko Soweto mwaka 1976. Ikajengwa shule iliyokuja kupewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979. Mazimbu palikuwa na karakana za samani na ushonaji, na kule Dakawa pakawa na kituo cha ufundi ambacho leo ni chuo cha VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Vijana wale walikula na kuvaa kwa michango ya marafiki kutoka pande nyingi za dunia huku wakijifunza. Hakuna aliyesema kwamba kuwalisha ni kuwazoesha kuomba. Kila mtu alielewa kwamba mkimbizi hawezi kushika randa na kitabu akiwa na njaa. Majengo hayo yalikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na sasa Mazimbu ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Ninachoomba ni kwamba mama wa Chamwino atazamwe kwa jicho lilelile alilotazamwa nalo mkimbizi wa Soweto.

Ndugu zangu, nisije nikaeleweka kwamba shibe peke yake inatosha. Katika zile nchi sita nilizozitaja, Honduras matokeo hayakuwa mazuri, na sababu mojawapo ni kwamba familia nyingi zilipewa kuku, na kuku wale wakafa kwa maradhi. Ukichagua vibaya kile unachompa mtu, bidii yake yote inakufa pamoja nacho. Sisi watu wa Morogoro tuna mfano wetu mkubwa kuliko kuku. Wazee mnakikumbuka kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikatarajiwa kutengeneza mamilioni ya jozi kila mwaka na kuziuza hadi Ulaya, na hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Kati ya wazazi waliokaa hapa leo wapo ambao mikono yao ilifundishwa kwa ajili ya ajira za viwandani ambazo hazikudumu. Hilo limetufunza kuuliza kwanza nani atanunua, kabla ya kuuliza nani atafundishwa.

Kwa sababu hiyo hatupokei tena kila anayetaka kushona. Mafundi cherehani ni wengi katika mji huu, na aliyejua kushona gauni la kitenge tu atakuta mitaa imejaa wenzake. Tunawafundisha wanafunzi wetu sare za shule, ambazo hutafutwa sana kila Januari, na mashuka na overoli, kwa sababu hizo hununuliwa kwa wingi na kwa oda. Wengine tunawaelekeza kwenye umeme wa majumbani na kwenye pikipiki, wakiwemo mabinti, na nafurahi kwamba mmoja wa wanaopokea spana leo ni binti. Baba yake alikuja kulalamika kwangu mwanzoni. Leo amekaa safu ya mbele, na ninamshukuru kwa kuja.

Sasa niseme kuhusu nguo. Tuliokua zamani tunakumbuka nguo zilizoitwa kafa Ulaya, na tunakumbuka jinsi mtoto aliyevaa nguo hizo alivyotaniwa. Nguo inamsitiri mtu, lakini nguo iliyotolewa bila kufikiriwa inaweza kumvua heshima. Nawashukuru wote mnaoleta nguo hapa, na kwa upendo nawaomba msilete zile ambazo msingethubutu kumpa ndugu yenu. Zile zilizochakaa kidogo, zilizoachia mshono au kukatika zipu, hizo zileteni kwa wingi, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1902, katika mji wa Boston, Marekani, mchungaji wa Kimethodisti aitwaye Edgar Helms alikuwa akihudumia mtaa uliojaa wahamiaji maskini wasio na kazi. Alizunguka katika mitaa ya matajiri akikusanya nguo na vyombo vilivyoharibika, akawapa watu wake kazi ya kuvitengeneza kwa ujira, kisha vikauzwa kwa bei ndogo na mauzo yakalipa ujira huo. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa shirika la Goodwill. Kilichonigusa katika habari hiyo ni kwamba kile kilichoharibika ndicho kilichokuwa darasa. Nasi tunafanya hivyo. Mwanafunzi wa ushonaji hujifunza kola vizuri zaidi kwa kufumua shati kuliko kwa kuichora ubaoni. Akishalifumua na kulirudisha, akabadilisha zipu, akapunguza kiuno cha suruali, tayari ameshika kazi ambayo wateja wa mtaani huileta kila siku. Jumamosi tunaziuza nguo hizo kwa bei ambayo jirani yeyote anaimudu, na nimeona kwa macho yangu mama aliyekataa blauzi ya bure akarudi kuinunua ileile, akaivaa akiwa ameinua kichwa.

Baada ya darasa huja uanagenzi, yaani kujifunza kazini chini ya fundi, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo mnivumilie. Nilishuka kutoka Mgeta nikiwa msichana, nikapelekwa kwa fundi mmoja hapa mjini nijifunze kushona. Miezi mingi niliyokaa kwake nilichota maji, nilibembeleza watoto wake, nilikoleza pasi ya mkaa na kuokota vipande vya vitambaa sakafuni. Cherehani nilikigusa nilipokuwa nakifuta vumbi. Nilipouliza nitaanza lini kujifunza, nilipigwa kwa futi ya mbao. Simchukii, kwa sababu naamini naye alifundishwa hivyohivyo. Lakini nilipoteza muda ambao sikurudishiwa, na ninajua kwamba leo hii, katika gereji na saluni na vibanda vya ushonaji vya nchi yetu, wapo vijana wanaopoteza muda kwa namna hiyohiyo na kuambiwa kwamba wanafunzwa.

Tatizo hili ni la zamani, na dawa yake pia ni ya zamani. Kule Turin, Italia, padri aitwaye Yohane Bosko, ambaye watawa wa shirika alilolianzisha leo wana vituo vya ufundi Dodoma, Iringa na kwingineko nchini mwetu, alikuwa akiwatafutia vijana maskini kazi kwa mafundi wa mji. Mwaka 1852 alisimamia mkataba wa maandishi kati ya fundi seremala na kijana mmoja. Fundi aliahidi kumfundisha useremala, kumpa kazi zinazohusu ufundi wake na si nyingine, kumrekebisha kwa maneno tu, kumpa mapumziko siku za sikukuu, na kumlipa ujira unaopanda kadiri anavyoendelea kujua kazi. Niliposikia masharti hayo kwa mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda, kwa maana kila sharti lilikuwa limeandikwa dhidi ya jambo nililotendewa mimi.

Mafundi wote wanaopokea wanafunzi wetu sasa husaini karatasi ya namna hiyo, na mwenyekiti wa mtaa hushuhudia. Wapo mafundi waliokataa, nasi tukaachana nao kwa amani. Waliokubali wako hapa leo, na nawaomba wasimame ili tuwapigie makofi, kwa sababu mwanafunzi anapokosea kitambaa cha mteja, hasara ni ya fundi, na bado wamekubali kuwafundisha.

Kwa wahitimu ambao tayari walikuwa na ujuzi wa mtaani kabla ya kuja kwetu, nasisitiza tena jambo ambalo wengi hawalijui: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi hupimwa kwa kazi yake, huongezewa pale alipopungukiwa, na kupewa cheti. Anayetaka kushona sare kwa oda ya shule huenda akaulizwa cheti, hata kama mikono yake ni mizuri kuliko ya mwenye cheti.

Mtasikia pia juu ya mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Haina riba, na ni haki yenu kuiomba. Ushauri wangu ni kwamba msikimbilie. Shoneni kwanza, mpate wateja wanaorudi, muweke akiba katika kikoba chenu, ndipo mkope kwa ajili ya oda mliyoiona kwa macho. Mkopo uliochukuliwa kabla ya mteja huliwa nyumbani, na deni hubaki kwa kikundi kizima.

Wahisani wetu, yaliyobaki ni maombi mawili. La kwanza ni kuhusu picha. Tunajua mnapaswa kuwaonyesha waliowatuma kwamba mchango umefika, na tutawapa picha za cherehani, za darasa na za mashati yaliyokamilika. Lakini mama anayepokea unga siku ya Ijumaa tusimpige picha akiwa ameshika mfuko. Watoto wake wanasoma na watoto wenu. La pili ni kuhusu muda wa michango. Mwezi wa Ramadhani na wakati wa Krismasi stoo yetu hujaa hadi mlangoni, na tunamshukuru Mungu. Mwezi Machi na Aprili, wakati mashamba yanaita na njaa ni kali, stoo huwa tupu, isipokuwa Ramadhani ikiangukia humo. Kama kuna mtu hapa anayeweza kugawanya alichokusudia kutoa Desemba, nusu yake akaiweka hadi masika, huyo atakuwa amemshika mwanafunzi mmoja asitoke darasani.

Wanangu, sasa mtaitwa mmoja mmoja. Hati ya makabidhiano imeandikwa kwa jina lako wewe mhitimu, si jina la mume wala la kaka, na nakala moja itabaki ofisi ya mtaa, ili asitokee mtu wa kuuza kitendea kazi chako bila wewe kujua. Vyerehani viko pale chini ya mwembe. Vimetiwa mafuta asubuhi hii, na kila kimoja kina sindano ya akiba kwenye mtoto wa meza. Usisaini kwa haraka kwa sababu mgeni rasmi anasubiri, maana ameniahidi kwamba atasubiri. Kaa kwanza, pitisha uzi, shona mstari mmoja kwenye kipande utakachopewa, ugeuze uangalie upande wa chini. Kama uzi unalegea, niite nije tukaze pamoja, kisha ndipo utie sahihi.